Waendesha Pikipiki wa Busia na Spana Zao

Msafiri anayeufikia mji wa Busia alfajiri, awe ametoka upande wa Kisumu au upande wa Jinja, hukutana kwanza na malori. Yamejipanga kando ya barabara kwa mstari mrefu, madereva wake wengine wamelala ndani, wengine wananawa uso kwa maji ya kopo, na kati ya lori na lori hupita akina mama wenye birika za chai na ndoo za maandazi. Baada ya malori ndipo huja pikipiki. Nazo zimepangwa safu, magurudumu ya mbele yameelekea barabarani, kama kwamba zinangoja filimbi. Lakini kabla ya saa kumi na mbili, abiria wakiwa bado wachache, si waendeshaji wote walioketi vitini. Baadhi yao wamechutama kando ya vyombo vyao, spana mkononi na kitambaa cheusi begani, wakishughulika na minyororo.

Mji huu ni mmoja, tena ni miwili. Nusu yake imo Kenya na nusu imo Uganda, na jina ni lile lile pande zote mbili. Wasamia na Wateso wanaishi huku na huku, wameoana na kuzikana bila kuuliza mpaka umepita wapi, na sokoni Kiswahili husikika kwa lafudhi za kila namna. Shilingi nazo ni mbili. Moja ya Kenya hubadilishwa kwa zaidi ya 20 za Uganda, na kwa sababu hiyo watoto wa Busia hujua kuzidisha na kugawanya kabla mwalimu hajawafundisha.

Hapa ndipo inaposemekana jina la boda boda lilipozaliwa. Katika miaka ya 1960 vituo vya forodha vya nchi hizi mbili vilikuwa mbali kimoja na kingine, na mtu mwenye mzigo alilazimika kukitembea kipande chote cha barabara kilichokuwa katikati. Vijana wenye baiskeli wakafunga mto juu ya keria ya nyuma, wakawaita wasafiri kwa kuwatajia safari yenyewe, yaani kutoka mpaka hadi mpaka, kwa neno la Kiingereza lililolainishwa na ndimi za wenyeji: boda, boda. Mji wa Malaba, ulio kaskazini kidogo, nao huidai heshima hiyo, na ubishi huo haujapata hakimu. Wakati wa utawala wa Idi Amin, kuanzia mwaka 1971 hadi 1979, bidhaa za madukani zilipoadimika Uganda, baiskeli za mpakani zilibeba sabuni, chumvi na sukari kuingia, na kahawa kutoka, na si kila safari ilipita mbele ya afisa wa forodha.

Baiskeli zile zimebaki chache. Pikipiki zilianza kuchukua nafasi zao Uganda katika miaka ya 1990, na Kenya zikafurika baada ya mwaka 2008, serikali ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki za injini ndogo. Siku hizi zinazoonekana zaidi vijiweni ni Bajaj Boxer na TVS zitokazo India. Hata ule umbali uliolizaa jina umepungua maana, kwa kuwa mwaka 2018 vituo viwili vya mpaka vilizinduliwa rasmi kuwa kituo cha pamoja, ambako msafiri husimama mara moja tu, katika nchi anayoingia. Jina limebaki, na kazi imebaki.

Kuna jambo moja, hata hivyo, ambalo lilipotea njiani baiskeli ilipogeuka kuwa pikipiki, nalo ni desturi ya mwenye chombo kujitengenezea mwenyewe. Mwendesha baiskeli wa zamani hakuwa na fundi. Pancha aliiziba mwenyewe kando ya njia kwa kiraka na solusheni, mnyororo uliokatika aliugonga kwa jiwe, na spoku iliyolegea aliikaza jioni mbele ya nyumba yake huku watoto wakimshikia taa. Ilipokuja injini, watu wale wale walishikwa na woga. Injini ilionekana kuwa siri ya fundi, na pamoja na injini wakamkabidhi fundi mnyororo, breki, kebo na hata upepo wa tairi, ingawa vitu hivyo havikubadilika sana tangu enzi ya baiskeli.

Hasara ya woga huo haieleweki mpaka ijulikane jinsi pikipiki za mpakani zinavyomilikiwa. Wapo wachache wenye vyombo vyao. Wapo wanaoendesha chombo cha tajiri na kumpelekea hesabu kila jioni. Na wapo wa mkataba, ambao hulipa kidogo kidogo kwa muda mrefu hadi siku ile pikipiki itakapokuwa yao. Kwa mtu wa hesabu na mtu wa mkataba, siku haina huruma. Pikipiki ikilala kwa fundi kuanzia saa moja hadi saa tano asubuhi, saa ambazo wafanyabiashara huvuka kwenda sokoni, fedha ya tajiri inadaiwa vile vile. Ujira wa fundi kwa kukaza mnyororo si mkubwa. Kinachomla mwendeshaji ni foleni ya kumngoja fundi huyo.

Katika kijiwe kimoja cha upande wa Uganda, karibu na mtaa wa Sofia, yupo kijana wa mkataba ambaye maisha yake yanaweza kuchukuliwa kuwa mfano. Mke wake, anayeuza nyanya na vitunguu, ndiye mshika daftari la nyumba, na katika daftari hilo kila matumizi huandikwa jioni, yawe ya unga, ya mkaa, ya karo au ya pikipiki. Mwisho wa mwezi mmoja mama huyo alijumlisha safu ya pikipiki peke yake. Akaona kwamba petroli ilikuwa mahali pake, lakini visenti vya fundi, vilivyoandikwa leo kimoja na keshokutwa kingine, vilikuwa vimekaribia karo ya mtoto mmoja. Hakugomba. Alimsogezea mumewe daftari, akaendelea kupepeta mchele.

Kijana akaenda kwa mzee mmoja wa mtaani, aliyewahi kubeba abiria kwa baiskeli na ambaye mikono yake bado ina makovu ya spoku.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Leo pikipiki umeiacha wapi?”

“Ipo nje, mzee. Nimekuja unifundishe kuikaza mnyororo.”

Mzee akacheka, akasema kwamba yeye injini haijui, ila mnyororo ni mnyororo.

Somo la mnyororo ndilo refu kuliko yote, na ndilo lenye faida ya haraka. Pikipiki husimamishwa juu ya stendi kubwa, injini imezimwa na gia imewekwa huru. Kisha mnyororo husukumwa kwa kidole juu na chini, upande wa chini, katikati ya gia ya mbele na gia ya nyuma. Katika pikipiki nyingi za namna hii mchezo unaotakiwa ni milimita 20 hadi 30, yaani upana wa kidole gumba cha mtu mzima au zaidi kidogo, na kitabu cha chombo chenyewe ndicho chenye neno la mwisho. Gurudumu lizungushwe na kipimo kirudiwe mahali patatu au panne, kwa kuwa mnyororo haulegei sawasawa mwili mzima, na palipokaza kuliko kwingine ndipo pa kupimia. Kulegeza au kukaza hufanywa kwa kufungua nati ya ekseli ya nyuma, kuzungusha vikazio vya pande zote mbili kwa kiasi kilicho sawa, na kuangalia alama zilizochorwa ili gurudumu lisikae upande. Gurudumu lililokaa upande hula tairi na hula mnyororo, na pikipiki huwa kama mbuzi anayevutwa kamba.

Wengi hudhani kwamba mnyororo uliokazwa sana ndio uliokazwa vizuri. Si hivyo. Mwendeshaji akishapanda na abiria wawili, au abiria na gunia la mahindi, springi za nyuma hushuka na mnyororo hujivuta zaidi. Usipobakiziwa nafasi, unavuta beringi na shafti ya gia, na hapo gharama hutoka kwenye spana na kuingia kwenye kuifungua injini.

Kuupaka mafuta nako kuna makosa yake. Mpakani, kama kwingineko, iko tabia ya kuupaka mnyororo oili chafu iliyotolewa kwenye injini. Oili hiyo imebeba vumbi la chuma, na barabara za changarawe za Busia huongeza vumbi jekundu, hata vikichanganyika vinakuwa kama tupa inayosaga mnyororo mchana kutwa. Mnyororo wa kawaida usugulie kwa brashi na kitambaa chenye mafuta ya taa, ukaushwe, upakwe oili nzito ya giaboksi kidogo tu kwa upande wa ndani, kisha ule ute wa ziada upanguswe. Pikipiki nyingine huja na kifuniko cha bati kinachoukinga mnyororo wote. Vijana hukivua kwa ajili ya urembo, nao urembo huo huwagharimu seti ya mnyororo na gia mbili mapema kuliko ilivyopasa. Seti hiyo, inapokwisha, hubadilishwa yote pamoja, kwa maana mnyororo mpya juu ya meno yaliyochongoka kama ya papa hauna maisha. Na kazi hii yote hufanywa gurudumu likizungushwa kwa mkono. Anayesafisha mnyororo huku injini inanguruma hupoteza kidole kabla hajasikia maumivu.

Kijana wa Sofia aliyashika yote hayo isipokuwa moja. Asubuhi ya kwanza aliukaza mnyororo mwenyewe, akafunga nati, akaenda kazini kwa fahari. Hakujua kwamba gurudumu la nyuma likirudishwa nyuma, fito ya breki nayo huvutika, na kanyagio hupoteza nafasi yake ya kupumua. Breki ilikuwa imeshika kidogo muda wote pasipo yeye kuigusa. Hadi adhuhuri kitovu cha gurudumu kilikuwa hakigusiki kwa joto, petroli ilikuwa imekwenda kuliko kawaida, na viatu vya breki vilikuwa vimeungua. Akiba ya kwanza ikaliwa na breki, na ziada juu yake. Katika daftari la nyumba jambo hilo liliandikwa pia, kwa mwandiko ule ule usio na maoni. Tangu hapo, kila akikaza mnyororo, huirudia nati ya fito ya breki, huzungusha gurudumu lione kama linakwenda bila kushikwa, hukanyaga na kutazama taa ya nyuma inawaka lini, kisha huendesha polepole hatua chache na kuijaribu breki kabla hajamwita abiria.

Baada ya mnyororo huja vumbi. Kuanzia Desemba hadi Februari, mvua zikiwa zimekatika, barabara za pembeni za Busia hufuka, na chujio la hewa hujaa upesi. Injini yenye kabureta iliyozibwa pumzi hunywa petroli nyingi na kutoa moshi mweusi, na mwendeshaji huilaumu petroli ya mpakani, ambayo kwa kweli hulaumiwa kwa mengi. Chujio la sponji huoshwa kwa maji ya sabuni au mafuta ya taa, hukamuliwa bila kusokotwa, hukaushwa kivulini, kisha hutiwa oili safi kidogo na kukamuliwa tena. Lile la karatasi halioshwi. Hugongwagongwa taratibu vumbi lianguke, na likichoka hununuliwa jipya. Kuosha kwa petroli, hasa jikoni karibu na jiko la mkaa, ni kuutafutia msiba mlango.

Oili ya injini ni habari nyingine inayostahili maelezo. Anayekwenda kilomita 100 kwa siku, kwa siku 25, amefikisha kilomita 2,500 kwa mwezi, mwendo ambao mwenye gari la kutembelea huweza kuumaliza kwa miezi mitatu. Kwa hiyo kungoja mpaka oili iwe lami ni kuiua injini. Kiwango huangaliwa chombo kikiwa kimesimama wima mahali tambarare. Ya zamani humwagwa injini ikiwa vuguvugu, si ya moto wa kuunguza, na nati ya chini hurudishwa na washa yake bila kukazwa kwa hasira, kwani nyuzi zake zimo katika bati laini la alumini na zikikwaruzika ni gharama. Oili ifaayo ni ile ya pikipiki, yenye alama ya JASO MA, kwa sababu katika vyombo hivi oili moja huhudumia injini, gia na klachi kwa pamoja, na baadhi ya oili za magari huifanya klachi iteleze. Wako pia wachuuzi wanaochuja oili iliyokwisha tumika na kuitia katika chupa zenye nembo nzuri. Mwenye busara hununua chupa iliyofungwa kwa lakiri, na akimaliza huitoboa ile tupu isirudi sokoni.

Na ile chafu iende wapi? Hilo ni swali ambalo kijiwe kizima hulikwepa. Mitaro ya mji huteremka kwenye vijito, na maji ya eneo hili huishia katika mto Sio, unaopita mpakani na kumwaga katika Ziwa Viktoria. Oili inayomwagwa Busia leo haikai Busia, na ziwa ni lile lile linalonywewa Musoma, Mwanza na Bukoba. Wapo waendeshaji wanaoikusanya katika dumu na kuwapelekea mafundi wenye pipa la kuihifadhi. Inatosha kusema kwamba si wengi.

Mambo mengine ni mepesi. Plagi hufunguliwa injini ikiwa imepoa, husuguliwa na kurudishwa kwa vidole kwanza, spana baadaye. Kebo za klachi na breki hutiwa tone la oili zisikatike nyuzi moja moja. Upepo hupimwa asubuhi, tairi likiwa baridi. Vifaa vyake ni spana chache za kuanzia namba 8 hadi 19, bisibisi, spana ya plagi, pampu na vyuma viwili vya kubandulia tairi. Bei hulinganishwa pande zote mbili za mpaka kabla ya kununuliwa, na mwenye haraka ya kubadilisha shilingi hupunjwa. Spana laini ya bei rahisi hujikunjua mdomo siku ya kwanza na kuharibu pembe za nati, hata nati hiyo baadaye haishikiki kwa chochote.

Fundi hajakosa kazi kwa sababu hiyo. Mzee wa baiskeli alimwekea kijana mpaka mwingine, ulio mkali kuliko ule wa forodha. Injini isifunguliwe nyumbani. Beringi za magurudumu, spoku za kunyoosha rimu, shokamzoba za mbele zinazovuja na waya za umeme zilizoungua ni za mwenye ujuzi. Viatu vya breki vibadilishwe mbele ya fundi mara mbili tatu mpaka mkono uzoee. Na nati ya ekseli, yenye tundu la pini, isiachwe hata siku moja bila pini yake, kwa kuwa aliyepakiwa nyuma, mara nyingi mama mwenye mtoto mgongoni na trei ya mayai mapajani, hana spana wala hajui kilichosahauliwa. Mafundi wenyewe, kinyume cha inavyodhaniwa, wengi hawachukii. Mteja anayejua mnyororo wake huleta chombo kabla hakijavunjika, hueleza kinacholia na kinalia wapi, wala hashuku kila kifaa anachoambiwa kimekwisha.

Nguo za kazi hiyo ni habari ya nyumbani. Doa la oili halitiwi maji kwanza. Hunyunyiziwa unga wa mahindi ulivute, hupanguswa, kisha husuguliwa kwa sabuni ya vyombo na kuachwa kidogo kabla ya kufuliwa. Mikono husafishwa kwa sukari kijiko kimoja iliyochanganywa na mafuta ya kupikia, japokuwa mshika daftari aliifuta sukari katika mpango huo, akaweka mchanga laini.

Katika safu ya pikipiki mwezi uliofuata mlikuwa na petroli, oili, seti moja ya spana na viatu vya breki vilivyoungua. Jumla yake ilizidi ya mwezi uliotangulia. Mama akaigeuza karatasi bila neno. Mwezi wa pili spana hazikununuliwa tena, breki haikuungua, na mahali pa fundi palikuwa na mstari mmoja tu, wa kubadilisha beringi. Fedha iliyobaki iligawanywa, nusu ikaenda katika karo na nusu katika mkataba, ambao ulikuwa bado na miezi mingi.

Asubuhi kijiweni, karibu na saa kumi na mbili, kijana humaliza kupangusa, hutia spana katika mfuko wa turubai chini ya kiti, na hukanyaga breki mara mbili akitazama nyuma kama taa imewaka. Malori yameanza kunguruma. Ng’ambo ya barabara mama mmoja amenyoosha mkono, gunia lake la ndizi limesimama ubavuni pake kama mtoto, naye anaita kwa jina lile lile walilokuwa wakiita mama zake.